Wakazi wa Mlango Mdogo

Mwenyekiti wa Jumuiya ya Wakazi alikuwa mtu wa saa. Baraza la mji lilipotangaza kwamba kila kiwanja kilichoko ndani ya dakika kumi kwa miguu kutoka stesheni ya treni na jengo la maduka kitaruhusiwa kujengwa ghorofa hadi sita, ili watu wengi zaidi wapate pa kuishi karibu na kazi zao, yeye alivaa viatu vyake vya ngozi, akatazama saa, akatembea kutoka stesheni hadi langoni kwake. Alifika kwa dakika saba. Akarudi stesheni, akatembea upya. Safari hii alisimama kusoma vibao vya maduka na kuinama mara mbili kufunga kamba za viatu, akafika kwa dakika kumi na moja. Hiyo ndiyo aliyoiandika.

Aliyemwona akifunga kamba ambazo hazikuwa zimefunguka ni Fundi Funguo. Kibanda cha fundi kiliegemea ukuta wa stesheni, hakizidi upana wa mikono miwili iliyonyooshwa, na ndani yake mlikuwa na mashine ya kuchonga, jiliwa la kubania vyuma, na tupa saba zilizopangwa kwa kimo kama watoto wa shule. Milango yote ya kitongoji kile ilikuwa imepita mikononi mwake. Alikuwa na desturi moja ambayo mafundi wenzake waliiona ni kupoteza muda: ufunguo hautoki kibandani bila kugongwa namba kichwani. Nyumba ya mbele, namba tupu. Chumba cha uani, namba na herufi yake. "Ufunguo usio na namba ni chuma tu," alizoea kusema, "na chuma huuzwa kwa kilo." Nakala hakubaki nayo hata moja. Fundi anayebaki na ufunguo wa mtu, kwake, alikuwa mwizi aliyekawia.

Yeye mwenyewe alikuwa 14B. Namba 14 ilikuwa nyumba ya Mwenyekiti: vyumba vitano vya kulala, watu wawili wa kulala, na waridi kando ya njia ya kwenda langoni. B ilikuwa nyuma, banda la kuku lililopakwa chokaa na kupandishwa cheo. Humo fundi aliishi na mkewe, keshia katika jengo la maduka, na mama yake mzazi, ambaye magoti yalikuwa yamemgomea lakini ulimi haukuwahi kuomba likizo. Wapangaji wa uani waliingia na kutoka kwa mlango mdogo uliotazama uchochoro wa mapipa ya taka. Lango la mbele, Mwenyekiti aliwaeleza siku ya kwanza kabisa, ni la wakazi.

* * *

Jumapili alasiri Mwenyekiti alibisha hodi 14B. Hakuwahi kubisha, kawaida yake ilikuwa kukohoa nje kisha kuanza kusema.

"Shikamoo, mama," alimwambia bibi, aliyekuwa ameketi kitandani kwa sababu kiti kilikuwa kimoja.

Bibi alimgeukia mwanawe. "Leo naamkiwa! Marahaba, mwanangu. Nani amekufa?"

Mwenyekiti alikuwa na miaka sitini na sita, na hakupenda kuitwa mwanangu na mtu anayelala katika banda lake la kuku. Hata hivyo alitabasamu. Alikuwa amekuja na karatasi.

"Hajafa mtu, mama. Ila mtaa wetu unataka kuuawa."

"Wetu?" aliuliza keshia. Alikuwa ndiyo kwanza anaingia kutoka zamu, bado amevaa sare ya duka, na ilibidi asubiri mlangoni kwa kuwa chumba hakikuwa na nafasi ya mtu wa nne.

"Wetu sote, binti yangu. Sisi wakazi." Neno lile lilimtoka laini kama la mtu aliyelifanyia mazoezi njiani. "Baraza linataka kutujazia maghorofa. Tukipata sahihi mia tatu za wakazi, sheria inawalazimisha kuitisha kikao watusikilize. Nyumba arobaini na moja zimeshasaini zote. Tuna sahihi sabini na tisa."

"Zimebaki mia mbili na ishirini na moja," alisema keshia. Hesabu ndiyo kazi yake.

"Ndiyo maana nimekuja."

Akawaeleza ubaya wa maghorofa. Yataleta msongamano. Yataleta kelele, na nguo za kuanikwa madirishani, na watu wa kuishi wengi katika chumba kimoja. Alisema hayo akiwa ameinamisha shingo, kwa sababu dari la banda halikujengwa kwa ajili ya Mwenyekiti. "Hulka ya mtaa itapotea," alimalizia.

"Hiyo hulka inakaa upande gani wa ukuta, mwanangu?" aliuliza bibi. "Maana huku kwetu haijafika bado."

Mwenyekiti alicheka peke yake. Kisha akamgeukia fundi, kwa sauti ya chini ya mtu anayetoa siri ya heshima. "Fundi, wapangaji wote wa mtaa huu wanapita kibandani kwako asubuhi na jioni. Wanakuamini. Nakuachia karatasi uwasainishe. Jambo moja tu: mjaze kila safu. Jina, namba ya mlango, aina ya makazi, idadi ya watu. Wale vijana wa baraza ni wajanja, safu moja ikikosekana wanatupa karatasi nzima."

"Na asiyetaka kusaini, mzee?"

"Simlazimishi mtu." Mwenyekiti alitazama kuta, akatazama dari, akapapasa chokaa kwa kidole. "Ila hiki chumba, unajua, mke wangu ananisumbua kila siku nikirudishe kiwe stoo. Mimi ndiye ninayemkatalia."

Alipotoka, alitoka akikohoa.

* * *

"Hatusaini," alisema keshia. "Nimelisoma tangazo la baraza, limebandikwa pale kwenye maduka. Nyumba za vyumba viwili, karibu na stesheni, na sehemu yake ni kwa ajili ya watu wanaofanya kazi hapahapa. Mimi nafanya kazi hapahapa! Nisaini nisijengewe?"

"Tusiposaini tutalala wapi mwisho wa mwezi?"

"Kwa hiyo tusaini tusipate nyumba, ili tusipoteze banda."

"Ukilisema hivyo linasikika vibaya."

"Nilisemeje, mume wangu, nilipake chokaa?"

Fundi alikuwa mtu mpole, na upole wake ulikuwa umemgharimu mengi maishani bila yeye kudai risiti. Alichukua karatasi akaisogeza karibu na dirisha dogo, lile la kuku kupatia hewa, akaisoma juu hadi chini. Bibi alikuwa akimtazama.

"Amesema wajaze kila safu?"

"Kila safu, mama."

"Namba ya mlango, na aina ya makazi, na idadi ya watu?"

"Ndiyo."

"Basi wewe fundi, unahangaikia nini? Kuandika kweli kumeanza kuwa dhambi lini?" Bibi alinyoosha mguu mmoja kwa mikono miwili, kama mtu anayehamisha fanicha. "Miaka saba tumekaa hapa hatujulikani. Mtu ametuletea karatasi ya kujulikana, tena kwa mkono wake. Andika. Kumi na nne B. Banda la kuku. Watu watatu, mmoja magoti mabovu."

Keshia alianza kucheka, kisha akaacha. Alimtazama mkwewe kama anayemwona mara ya kwanza. Akaichukua kalamu yeye mwenyewe.

"Mwenyekiti atasoma," alisema fundi.

"Huyo hasomi," alisema keshia. "Huyo anahesabu."

* * *

Ikawa hivyo. Kwa siku tisa, watu walioteremka treni za jioni walisimama kwenye kibanda cha fundi, wakatia sahihi. Dobi wa 6C aliandika: gereji, watu wanne, gari linalala nasi. Mwuguzi wa 22A aliandika: chini ya ngazi, mtu mmoja, aliyejikunja. Fundi alimkanya asiandike mzaha, mwuguzi akamwambia aje kupima mwenyewe. Mlinzi wa 31D alitaka kujua kama choo cha pamoja kinahesabiwa kuwa chumba. Kila aliyeandika herufi kimakosa, fundi alimsahihisha bila kufungua daftari, kwa kuwa herufi zile alizigonga yeye.

Mwenyekiti alikuja kila jioni. Hakusoma. Aliloweka kidole ulimini, akafunua karatasi, akahesabu mistari, akasema, "Safi sana, Fundi, safi sana." Siku ya tisa sahihi zilikuwa mia tatu na kumi na mbili. Siku hiyo alimpiga fundi begani, na kwa muda wa siku tatu fundi, Mungu amsamehe, alijisikia vizuri kwa sababu ya lile bega.

* * *

Kikao kilifanyika katika ukumbi wa shule. Viti vilikuwa sitini, na kwenye kila kiti kulikuwa na mtu wa nyumba ya mbele, au mkoba wake. Watu wa uani walisimama nyuma. Bibi alikuja na kigoda chake mwenyewe, akakiweka katikati ya njia, na hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kumwondoa.

Mwenyekiti alihutubia robo saa nzima. Alitaja hulka ya mtaa mara kumi na moja. Alitaja dakika zake kumi na moja mara mbili. Alisema mtaa wao ni wa familia arobaini na moja zinazojuana, kwamba barabara, maji na shule vimetosha kwa familia arobaini na moja na si zaidi, na kwamba watu mia tatu na kumi na mbili wamesema hapana kwa sauti moja. Walioketi walipiga makofi. Waliosimama walipiga pia, kwa adabu, kwa kuwa kodi inalipwa kwa walioketi.

Afisa wa mipango alikuwa mwanamke kijana aliyevaa miwani na viatu vya kutembelea. Alisimama na karatasi zilezile, na tofauti yake na Mwenyekiti ilionekana mara moja: yeye alikuwa amezisoma.

"Tunawashukuru kwa kujaza kila safu," alisema. "Mara nyingi hatupati taarifa kamili namna hii. Kati ya sahihi mia tatu na kumi na mbili, sabini na tisa ni za watu wa nyumba kuu. Mia mbili na thelathini na tatu ni za watu wanaoishi nyuma ya nyumba hizohizo." Alirekebisha miwani. "Nasoma kama ilivyoandikwa. Gereji, watu wanne. Stoo ya makaa, watu watatu. Chini ya ngazi, mtu mmoja, aliyejikunja. Banda la kuku, watu watatu. Hapa naona ni namba kumi na nne."

Mke wa Mwenyekiti alianza kutafuta kitu ndani ya mkoba ambao haukuwa na kitu.

"Mheshimiwa Mwenyekiti amesema maghorofa yataleta watu," aliendelea afisa. "Karatasi yake inaonyesha watu wameshafika. Kinachokosekana ni nyumba. Mpango unaendelea. Na Jumamosi saa nne asubuhi tutapita mtaani kukagua vyumba hivi, kwa sababu baadhi yake, kwa maelezo haya, havifai binadamu kulala."

"Havikufaa kuku pia," alisema bibi kutoka kwenye kigoda chake. "Ndiyo maana waliondoka."

Nyuma watu walicheka. Mbele hakucheka mtu. Fundi alimwona Mwenyekiti akigeuka polepole kwenye kiti, akitafuta uso mmoja katikati ya waliosimama, na alipoupata hakuutazama kwa hasira. Aliutazama kwa mshangao, kama mtu aliyeng'atwa na kitasa.

* * *

Kesho yake asubuhi kulikuwa na foleni kibandani. Wenye nyumba wote, hata wale ambao kwa miaka walimtuma mtumishi, walikuja wenyewe. Walitaka vitasa vibadilishwe. Walitaka vibadilishwe kabla ya Jumamosi, na walitaka vyumba viwe vitupu. Hakuna aliyetamka neno kufukuza. Walisema kupisha. Walisema ukarabati. Mmoja alisema chumba chake hakijawahi kukaliwa, huku ameshika mkononi ufunguo wa zamani wenye herufi C kichwani.

Mwenyekiti alikuwa wa kwanza katika foleni. Alisema na fundi kama mtu anayeongea na mashine.

"Kitasa kimoja. Chumba cha nyuma. Mtatoka Jumamosi, saa nne kasorobo. Na ufunguo usiupige namba. Kile si chumba, ni stoo."

Keshia alikuwa pale pembeni, amepita kumwachia mumewe chakula. Alimwona akishika tupa, akaiweka. Akashika nyundo, akaiweka. Miaka saba ya "ndiyo mzee" ilikuwa imefika mwisho.

"Ufunguo usio na namba sichongi," alisema fundi hatimaye.

"Unasemaje?"

"Sichongi, mzee. Wala wa kwako, wala wa hao wengine. Nimewagongea herufi hawa watu wote. Siwezi kuwa mimi wa kuwafuta."

Keshia aliona fahari kubwa, na alikuwa na haki ya kuiona. Lakini hadithi hii si ya kumfurahisha mtu. Wenye nyumba walitazamana, wakavuka barabara, wakaingia katika jengo la maduka, na wakanunua makufuli yaliyokuja yametundikwa kwenye kadi, matatu kwa bei ya mawili. Walipita kwenye mashine ya keshia mwenyewe, kwa kuwa zamu yake ilikuwa imeanza, na ilimbidi aseme "karibu tena" mara arobaini na moja. Msimamo wa fundi uliwachelewesha dakika kumi. Hata Mwenyekiti, kwa saa yake, asingeweza kuzifanya kumi na moja.

Jioni fundi alimkuta mkewe ameketi kwenye ngazi ya mlango, viatu mkononi.

"Nimeyauza mimi," alisema. "Kufuli la mlango wetu nimelipigia hesabu kwa mkono huu."

"Na mimi nilikusanya sahihi."

"Tulijiona wajanja."

"Wajanja hawalali barabarani," alisema fundi, akaketi kando yake. Kutoka ndani bibi alisema kwamba wakimaliza kulia wamletee kamba, magodoro hayajifungi yenyewe.

* * *

Chumba walikipata mwisho kabisa wa reli, kituo cha kumi na saba, mahali ambapo keshia angelazimika kuamka saa tisa usiku ili asichelewe zamu. Jumamosi saa nne kasorobo, mkokoteni ulisubiri barabarani. Fundi alikuwa amebeba godoro kichwani, akielekea mlango mdogo kwa mazoea, alipogundua kwamba mama yake hamfuati.

Bibi alikuwa ameshika njia ya waridi. Alitembea hatua moja baada ya nyingine, fimbo mkono mmoja, kigoda mkono wa pili. Alipofika mbele ya lango kubwa, lililokuwa limefungwa, aliweka kigoda chini, akaketi.

"Mama, huku siko," alisema Mwenyekiti, akitoka barazani mbio, soksi moja mguuni. "Tokeni kwa mlango wenu."

"Mlango wetu umeununulia kufuli, mwanangu. Mimi natokea kwa wakazi. Nimesaini."

"Mama, tafadhali, saa nne wanafika!"

"Wewe ndiye mwenye saa."

Mwenyekiti alimtazama fundi, kama anayeomba msaada. Fundi alisimama na godoro lake kichwani. Lango lile alilichongea ufunguo yeye, namba tupu, na hakubaki na nakala.

"Sina ufunguo, mzee," alisema. "Unao wewe."

Basi Mwenyekiti alirudi ndani kuutafuta. Alimwuliza mkewe, mkewe akamwuliza yeye, wakalaumiana kwa sauti iliyofika hadi kwenye waridi. Aliporudi nao, alilikosa tundu la ufunguo mara mbili. Alifungua. Lango lilikuwa zito na halikukaa wazi lenyewe, ikambidi alishike kwa mikono miwili wakati godoro linapita, na jiko, na ndoo, na keshia na sanduku, na mwisho bibi, ambaye hakuharakishwa na mtu, na ambaye aliketi tena kwenye kigoda chake palepale langoni.

Nje, Mwenyekiti aliona alichokifanya. Kwenye Jumuiya walikuwa wamekubaliana, kwa umoja wao uleule, wakati mmoja kwa wote: saa nne kasorobo. Nyumba arobaini na moja zilikuwa zimetoa watu wake kwa mkupuo. Uchochoro wa mapipa ulikuwa umejaa hadi ukamwagika barabarani. Vitanda vilisimama wima kando ya miti. Dobi alikuwa amekalia pasi zake. Mwuguzi wa chini ya ngazi alikuwa amenyooka urefu wake wote juu ya godoro, katikati ya njia ya waenda kwa miguu, akilala usingizi wa mtu aliyetoka zamu. Vyumba vilikuwa vitupu kabisa, safi, makufuli yanang'aa, na mtaa mzima ulikuwa nje, mchana kweupe, ukihesabika.

Gari la baraza lilisimama mbele ya namba 14, kwa kuwa halikuweza kwenda mbele zaidi. Afisa wa mipango aliteremka. Alitazama upande wa kulia, akatazama kushoto. Hakuuliza kama aonyeshwe vyumba. Alifungua daftari lake juu ya boneti ya gari, akatoa kalamu, akamjia mtu wa kwanza aliyekuwa karibu naye, bibi kizee aliyeketi kwenye kigoda katikati ya lango kubwa.

"Bibi, wewe ni wa wapi?"

"Kumi na nne B," alisema bibi. "Watatu. Andika."

Afisa aliandika. Nyuma yao Mwenyekiti alikuwa bado amelishika lango, kwa sababu hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba anaweza kuliachia.